Fundi Aliyetoa Vipimo vya Mwanawe

Ujumbe uliahidiwa kufika kabla ya saa sita usiku, na ilipogonga saa nne Mama Pindo alikuwa ameshashona mkono wa shati la mteja kinyume. Aliufumua, akaushona tena, akakuta ameurudisha kule kule kwenye ukinyume wake.

"Mama, iache hiyo mashine," binti yake alimwambia. "Unanizuia kusikia simu."

"Simu si unaiona? Hiyo hapo mbele yako."

"Naiona. Nataka kuisikia pia."

Simu ilikuwa imelazwa juu ya meza ya cherehani, kati ya chaki na sahani ya vifungo, na wote wawili waliikodolea macho kama watu wanaochunga maziwa yasifurike jikoni. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Mtaani walimwita Sindano kwa wembamba wake. Mama yake naye walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyepinda nguo kama yeye. Ukigeuza gauni lake ndani nje, itakuchukua muda kujua upande upi ndio wa kuvaa.

Waliokuwa wakisubiriwa ni watu wa kampuni moja iliyotangaza kwamba inairudisha "Kengele ya Saa Nane". Lilikuwa jina la tamthilia ya vijana wa sekondari, na mtu yeyote wa rika la Mama Pindo akilisikia hutabasamu peke yake. Ilionyeshwa kila Alhamisi saa moja na nusu jioni. Mtaa wao ulikuwa na runinga mbili tu, na moja ilikuwa ya fundi redio, ambaye aliigeuza itazame nje ya dirisha ili watu wasimjazie chumba. Watoto walikaa mbele, wakubwa wakasimama nyuma, na wazee wakajifanya wanapita tu. Kengele ikilia mwanzoni, hata waliokuwa wakigombana walinyamaza. Ikiisha, watu walikuwa na wiki nzima ya kubishana kama yule msichana mpole atamtaja aliyeiba karatasi za mtihani au atafunga mdomo.

Mama Pindo aliijua kwa ndani. Alimaliza darasa la saba, shule ikaishia hapo, akapelekwa kujifunza ushonaji kwa mzee mmoja waliyemwita Bibi Mkasi, na Bibi Mkasi ndiye aliyeshona sare za tamthilia ile. Zilikuwa sketi nne tu za bluu, zenye marinda, kwa wasichana sita wasiolingana. Aliye mnene aliachiwa zipu wazi nyuma na kufichwa na mkoba. Aliye mwembamba alibanwa kiunoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kazi ya kubana ilikuwa ya Mama Pindo, msichana wa miaka kumi na sita wakati huo. Kwa hiyo kila Alhamisi, wenzake walipoona wanafunzi, yeye aliona vibanio vyake, akihofu kimoja kitafyatuka mbele ya nchi nzima. Alijua yote yale ni kubana na kuficha. Hata hivyo msichana mpole alipolia, naye alilia, tena kwa sauti.

Ndiyo maana Sindano aliposema kwamba wanatafutwa vijana wapya, mama ndiye aliyekuwa na kiherehere kuliko mwana. Alimsindikiza mwenyewe siku ya usaili. Sindano aliingizwa katika chumba cheupe chenye kamera zilizopangwa duara, akaambiwa asimame, ageuke, atembee, acheke, alie, kisha asome sentensi mia mbili zisizo na kichwa wala miguu. Mama Pindo alibaki ukumbini na fomu ya kurasa kumi na moja.

Alianza vizuri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa majina na tarehe. Wa pili ulisema kampuni itachukua vipimo vya umbo, uso, sauti na mwendo. Alipofika hapo alitulia kabisa. Fundi asiyepima ni fundi gani? Lakini kuanzia ukurasa wa tatu sentensi ziliota mikia. Moja ilianzia juu ya karatasi na haikupata nukta mpaka chini. Alisoma mstari ule ule mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa mgumu kuliko ya kwanza. Vijana wa ofisi walikuwa wakipita na vikombe vyao mkononi, na yeye akaona haya kukutwa akifuata maneno kwa kidole. Akazigeuza kurasa zilizobaki moja moja, polepole, kwa mwendo wa mtu anayesoma.

Sindano alitoka akiwa ameloa jasho. "Mama, umesoma?"

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote. Ni mambo ya vipimo tu, mwanangu. Kwani hujawahi kupimwa nguo? Weka saini twende."

Sindano akaweka saini, na chini yake Mama Pindo akaweka ya kwake, kama shahidi.

Saa tano na dakika arobaini simu ilitetemeka, na vifungo vikachezacheza kwenye sahani. *Hongera! Umechaguliwa.* Walipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Waliposhusha pumzi, Mama Pindo akauliza, "Wanakuita lini?"

"Hawajasema."

"Watasema. Lazima kwanza washone."

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili, na ya tano. Mama Pindo hakutaka mwanawe aje kubanwa vibanio, kwa hiyo alimshonea sketi yake mwenyewe, bluu, marinda ishirini na manne, kwa vipimo ambavyo hakuhitaji kufungua daftari kuvijua. Sindano naye alifanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Alikataa kazi ya duka la viatu aliyotafutiwa na shangazi yake, maana akiitwa ghafla itakuwaje? "Wasanii ndivyo walivyo," Mama Pindo alimtetea kwa wifi yake. "Hata wa zamani walikuwa wanasubirishwa."

Asubuhi moja ya wiki ya saba, Mama Nywele, jirani mwenye saluni, aliingia bila hodi, kitana kimechomekwa kichwani na simu mkononi.

"Shoga! Mwanao katoka, na wewe umekaa kimya kama huna mdomo!"

"Katoka kwenda wapi? Si huyo hapo anapiga pasi."

Mama Nywele alimtazama Sindano, akaitazama simu, akamtazama tena Sindano. Kisha akaiweka simu juu ya cherehani.

Kwenye simu, Sindano alikuwa akitembea katika ukumbi wa shule, amevaa sketi ya bluu. Mwendo ulikuwa wake, bega la kushoto likitangulia kidogo kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Mama Pindo, kwa mazoea ya kazi, alianza na sketi. Marinda hayakuwa na mshono. Yalikunjika bila kuonyesha yalikunjwa wapi, na yule msichana alipotaka kuketi, marinda yalitulia kabla yeye mwenyewe hajaketi.

"Ulikwenda lini?" aliuliza.

"Sijaenda," Sindano alijibu.

"Ile siku uliyosema unakwenda maktaba?"

"Mama! Nilikwenda maktaba."

"Basi huyu nani?"

"Ni mimi." Akaisogelea simu. "Si mimi."

"Nyie msinichezee akili," alisema Mama Nywele. "Ulizaa mapacha?"

"Ningejua. Nilikuwepo."

Pale kwenye simu, msichana aliingia jikoni kulikokuwa na mwanamke amempa mgongo, akamwambia, "Wewe si mama yangu. Mama yangu angeona aibu." Ilikuwa sauti ya Sindano na mkwaruzo wake mdogo mwishoni, ule uliobaki tangu alipougua koo akiwa mtoto.

"Mh!" akasema Mama Nywele, akatazama pembeni.

Hapo ndipo waliposikia harufu. Pasi ilikuwa imeunguza suruali ya mteja, ikatoboka mguu mzima.

Sindano alipiga simu kwenye kampuni. Sauti ya kike ikamjibu kwa upole mwingi kwamba mambo yote yamefanyika kama alivyokubali katika ukurasa wa tisa. Akaitafuta nakala ya fomu, akaketi kitandani, akasoma. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akikunja na kukunjua utepe wa kupimia.

"Wanaweza kutumia sura yangu na sauti yangu na mwendo wangu," Sindano alisema taratibu, "popote, kwa maneno yoyote, bila kuniita. Kompyuta inatengeneza yote yaliyobaki. Miaka ishirini na mitano." Akainua uso. "Mama, uliuona ukurasa huu?"

Mama Pindo aliuzungusha utepe kidoleni.

"Uliusoma ukaona ni sawa? Ukaniambia niweke saini?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Jibu lilikuwapo, fupi tu. Lakini kwa mtoto huyu alikuwa mama anayejua. Ndiye aliyesoma barua za shule, ndiye aliyebishana na mwenye nyumba juu ya mkataba, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujua kwamba mkataba ule aliukariri baada ya kusomewa na Mama Nywele. Alisema, "Siukumbuki vizuri." Sindano akamtazama kama anayetazama mtu wa kwenye picha. Akaamka, akamtoa mlangoni kwa mkono, bila ukali, akafunga na kuzungusha kitasa.

Tangu siku ile Sindano hakusema tena. Alitoka kuoga, akatoka kula saa ambazo mama yake yuko kwa wateja, akarudi na kufunga. Akienda dukani, watoto walimfuata, "Dada, sema 'wewe si mama yangu'! Sema kidogo tu!" Akawa ananunua kwa kuonyesha kidole. Yule wa kwenye simu, wakati huo huo, hakunyamaza. Alifaulu mtihani, alipendwa na kijana mwenye meno mengi, alimgombeza mwalimu. Kila siku kipande kipya. Wateja waliokuja kwa Mama Pindo walimshika bega na kusema "pole", na hakujua wanampa pole ya lipi.

Baba yake Sindano, dereva wa malori ya masafa, alipiga simu kutoka njiani akiwa na furaha tele.

"Nimemwona binti yetu! Amenawiri. Lakini mbona anakutukana?"

"Si yeye."

"Ni nani?"

"Ni vipimo vyake."

"Mke wangu," mume akasema, "umelala vizuri jana?"

Jambo moja Mama Pindo hakumwambia mtu. Alikuwa akiitazama ile tamthilia mpya. Mchana, Sindano akiwa amejifungia, alipunguza sauti, akaiegemeza simu kwenye kopo la nyuzi na kushona huku akisikiliza. Ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuisikia sauti ya mwanawe nyumbani. Msichana wa kwenye simu akicheka, naye alicheka. Akishtuka kwamba anacheka na nani, aliizima na kuigeuza kifudifudi. Hakuelewa. Zamani alijua sketi imebanwa vibanio, akalia vilevile, na machozi yake hayakumchanganya, kwa kuwa kesho yake angemwona msichana mpole akija kwa Bibi Mkasi kurudisha sketi, akilalamika kwamba kibanio kimemuuma. Na yule aliyeigiza mwizi wa mitihani aliwahi kunyimwa sukari na mwenye duka aliyedhani ni mwizi kweli. Akaja kwa Bibi Mkasi akilia, wakampa chai ya rangi. Kulikuwa na mtu wa kumpa chai. Huyu wa sasa anakula nini? Akichoka anakwenda wapi?

Wiki tatu zilipotimia, akavaa gauni lake la harusini, si lake la kuolewa bali la kuhudhuria, akachukua mkoba na kwenda ofisini kwa kampuni. Alijua la kusema. Katika kazi yake, mteja akihama au mkikosana, unakata ukurasa wake daftarini na kumkabidhi vipimo vyake aende navyo. Haijalishi nani kakosa. Bibi Mkasi alimfundisha hivyo, na yeye hakuwahi kukaa na vipimo vya mtu asiyevitaka kwake.

Chumba cheupe kilikuwa na kufuli. Kamera hazikuwapo wala wale vijana wa vikombe. Alikuwapo mwanamke mmoja tu mapokezi, wa umri wake, miwani imeshuka puani.

"Karibu, dada."

"Asante. Nimekuja kuchukua vipimo vya mwanangu."

"Vipimo gani?"

"Mlimpima hapa. Sura, sauti, na mwendo. Hataki tena. Nipeni niende navyo."

Mwanamke alivua miwani. "Dada yangu, havikai daftarini hivyo."

"Vinakaa wapi?"

Mwanamke alianza kuonyesha kompyuta iliyokuwa mezani, akabadili mawazo, akaonyesha juu kwenye dari, na mkono ukabaki hewani. "Kusema kweli, sijui."

"Basi niitie mkubwa wako."

"Simjui zaidi ya mabega. Namwona kwenye kioo hiki kila Jumatatu, kuanzia hapa kwenda juu. Nikimuuliza jambo ananiambia niandike barua pepe, nikiandika inajibiwa kabla sijamaliza kuisoma mwenyewe."

"Na yule dada anayejibu simu? Yule mpole."

"Yule ni mimi," mwanamke alisema. "Walinirekodi siku nilipoanza kazi. Juzi nimepiga nikiwa nyumbani kusema naumwa, nikajipokea. Nikajipa pole, nikajiambia nisubiri kwenye foleni."

Mama Pindo alitaka kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha.

"Nilikuwa naipenda sana ile ya zamani," mwanamke akasema. "Nilikuja hapa nikidhani nitakuwa nawaona waigizaji wakiingia na kutoka. Lakini nyinyi si mlipewa fomu? Hamkusoma?"

Neno "yote" lilikuwa tayari mdomoni mwa Mama Pindo, limezoea kutoka. Akalirudisha. "Sikusoma," alisema. "Nilisoma kurasa mbili."

Mwanamke alitazama mlangoni, kisha akainama karibu. "Mimi yangu sikufungua hata ya kwanza. Mwanao anasemaje?"

"Anadhani nilisoma nikakubali."

"Heri hivyo, au heri ajue hukusoma?"

Njia nzima ya kurudi Mama Pindo alilizungusha swali hilo na halikuonyesha pindo wala mshono. Mama aliyesoma, akaona, akamkabidhi mtoto wake: huyo ni mkatili. Mama aliyegeuza karatasi kwa kuona haya: huyo ni mjinga, na mtoto wake alimwamini mjinga kwa miaka kumi na tisa. Alifika nyumbani akiwa hajachagua. Hakuvua gauni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha Sindano, akaketi sakafuni, akauegemea mlango kwa mgongo.

"Mwanangu, uko macho?"

Kitanda kililia ndani, basi.

"Nimetoka kule. Vipimo hawana. Yaani wanavyo, ila hakuna anayejua viko wapi." Akajikaza. "Ile fomu sikuisoma. Nilikwambia nimesoma yote, nikakudanganya. Nilisoma kurasa mbili, nikaona neno la vipimo, nikafurahi. Zilizobaki zilinishinda. Maneno yalikuwa marefu na wale vijana walikuwa wananipita, nikaona haya, nikawa nageuza tu. Ukurasa wa tisa niliugeuza kama wengine. Sikuuona nikasema sawa. Sikuuona kabisa."

Alivua viatu, akaviweka kando.

"Na ule mkataba wa nyumba alinisomea Mama Nywele. Na barua za shule, zile ndefu, nilikuwa nakisia. Sijui nilikuwa nataka unione nani. Sasa sijui hata lipi baya zaidi, nimelifikiria mpaka kichwa kinauma. Kama umekasirika, kasirikia hili la kweli, usikasirikie lile."

Alisubiri. Nje mtu alikuwa akikokota ngazi ya chuma, ikaparuza sakafu mwendo mrefu, ikaisha.

"Mama," sauti ikasema kutoka ndani.

Mama Pindo aliinua kichwa. Mkwaruzo ulikuwapo mwishoni, pale pale. Lakini kwa wiki tatu alikuwa ameisikia sauti hiyo kutoka kwenye kopo la nyuzi tu, ikimwita mama mwingine, na masikio yake hayakujua tena pa kushika.

"Ni wewe," aliuliza, "au umewasha simu?"

"Ni mimi."

"Hata yule angesema hivyo."

Ndani kulitoka mlio mfupi, wa kicheko au wa kilio, hakuweza kuutambua ingawa aliukazia sikio. Kisha hatua zikaja, kitasa kikazungushwa, na mlango ukavutwa kwa ndani kabla hajajishika, mgongo ukakosa pa kuegemea.